Zulia Tulilolifua Ziwani

Mama yangu alikuwa mfinyanzi. Siku za soko la Lyulilo alipanga vyungu vyake mchangani, vikubwa nyuma na vidogo mbele, na watu wa mitumbwi wakaja kuvichagua kuvipeleka Mwaya na mbali zaidi. Mimi nilikaa kando yake nikifuta vumbi kwenye midomo ya vyungu. Hapo ndipo mke wa mchungaji wa Matema aliponiona. Alikuja kutafuta mtungi wa maji, lakini aliiacha mitungi akaniangalia mimi, kisha akamwambia mama kwa Kinyakyusa chake cha kusitasita, kila neno likitoka peke yake kama kuku wanaotoka bandani asubuhi:

"Binti huyu ana mikono ya polepole. Nina kitu nyumbani kinachotaka mikono kama hiyo."

Mama alidhani anasema mtoto, kwa maana yule mwanamke alikuwa mjamzito na tumbo limeshashuka. Akaniruhusu. Nilipofika nyumba ya misheni nikakuta kwamba kitu chenyewe ni zulia.

Lilikuwa limetandikwa chumba cha mbele, kile chenye madirisha yanayotazama ziwa. Miguu yangu ilizoea udongo uliosiribwa, mchanga na mkeka, na nilipolikanyaga mara ya kwanza nikarudi nyuma. Zulia lilizama kidogo chini ya unyayo, likanipokea. Katikati lilikuwa la rangi nyekundu iliyoiva, kama ndizi zile nyekundu za nyuma ya nyumba yetu, na pembeni lilizungukwa na utepe wa buluu ya kijivu, rangi ya ziwa mvua inapokuwa bado upande wa pili. Bibi, ndivyo tulivyomwita ingawa alikuwa bado kijana, aliniambia kwamba sufu yake ilinyolewa kwa kondoo wa baba yake, na mama yake ndiye aliyeifuma kipupwe kizima, akimtayarishia binti anayekwenda mbali. Lilikuja kwa meli mpaka Mwaya, likatoka Mwaya kwa mtumbwi, limefungwa turubai kama maiti. Wapiga kasia waliogopa kulikalia.

Nilikuwa nawajua kondoo wetu, wenye manyoya mafupi kama ya mbuzi. Sikuelewa kondoo gani anaweza kuotesha kitu kama hiki. Usiku nyumbani nilikuwa nikiwaota, wakubwa, wekundu, wakipita juu ya maji bila kuzama.

Kazi yangu niliipenda tangu mwanzo. Asubuhi nilifagia zulia kwa ufagio laini, nikifuata upande nywele zake zinakolala. "Kama unavyompapasa paka," Bibi alisema. "Ukienda kinyume linakasirika." Nilijaribu kwenda kinyume siku moja, nione hasira yake ikoje. Rangi ilibadilika mbele ya macho yangu, nyekundu ikawa nyeusi, na alama ya mkono wangu ikabaki palepale. Nilicheza hivyo mpaka chumba kizima kikajaa alama za mikono, kisha nikazifuta zote.

Jua likiwa kali tulilibeba hadi ufukweni, mimi na Bibi, kila mtu na ncha yake. Mchanga wa Matema ni mweupe na laini, mnaujua. Tulililaza juu yake, uso chini, tukalipiga mgongoni kwa fito za mwanzi. Tulipoliinua, pale chini palibaki vumbi la kijivu lenye umbo lilelile la zulia, na Bibi akasimama akilitazama.

"Kwetu tunafanya hivi juu ya theluji," alisema.

"Theluji ni nini, Bibi?"

Alitafuta neno katika Kinyakyusa, hakulipata. Akachota mchanga kiganjani, akaumimina polepole. "Ni kama huu. Lakini unaanguka kutoka juu, na ukiushika unakuwa maji."

Niliyatazama mawingu yaliyoketi kwenye milima ya Ukinga nikaona inawezekana kabisa. Siku nyingi baadaye nilikuwa nikitembea ufukweni nikihisi kwamba mchanga ule ulianguka kutoka juu zamani sana, na kwamba siku moja utayeyuka, sote tujikute tumesimama majini.

Mtoto alizaliwa, wa kiume, mwekundu, mwenye kelele. Alipoanza kukaa, zulia likawa nchi yake. Alijifunza kutambaa kwa kuufuata ule utepe wa buluu; akifika kona alisimama, akafikiri, akageuka. Alitafuna ncha za nyuzi. Alimwaga maziwa, na mimi nikawa nayagusagusa kwa kitambaa chenye maji baridi, sikuruhusiwa kusugua. Bibi alikaa chini karibu naye akimsukia kofia ya sufu nyeupe kwa vijiti viwili, kofia ya nchi ya baridi, na mtoto aliivaa kwa dakika chache tu kabla ya kuivua na kuitupa. Joto la Kyela halina nafasi ya kofia kama ile. Lakini Bibi aliipenda, na kila asubuhi alijaribu tena.

Mwaka ule usubi wa ziwani walikuja kwa wingi. Aliyewahi kuwaona hawezi kuwasahau: unaona moshi unasimama juu ya maji, mwembamba na mrefu kuliko mti wowote, hakuna moto chini yake, nao unatembea. Upepo ukiusukuma huku nchi kavu, unakuta ni vijidudu, maelfu kwa maelfu. Mchana ule madirisha yalikuwa wazi. Wingu liliingia chumbani bila sauti, mwanga ukageuka kahawia, na zulia likafunikwa hata sikuona tena wekundu wake. Katikati yake mtoto alikuwa ameketi, vijidudu vimejaa nywele zake za rangi ya majani makavu, amefumba macho, anacheka. Bibi alipiga kelele. Mimi sikuweza. Ilikuwa kama kumtazama mtoto aliyekaa ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Mama alikuwa amekuja na vyungu vya kuuza. Alipoona ukuta wa nje umejaa usubi, aliomba kapu, akalilowesha, akawakusanya anavyofanya kila mtu kwetu, akawaponda akatengeneza mkate mweusi. Jioni mchungaji alionja kipande, akatafuna muda mrefu, akasema, "Ndaga fijo," asante sana, kwa adabu kubwa, na hakuomba kingine. Bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Siku mbili zilizofuata tulifanya kazi ya kulipiga zulia tu, na kila pigo lilitoa wingu dogo la mabawa makavu lililong'aa juani.

Masika yalipoingia, homa iliingia nayo. Mtoto aliugua asubuhi, akapata nafuu, akaugua tena. Mchungaji alimpa dawa yao ile chungu. Mama alileta majani ya kumkanda. Kwa kuwa kitanda kilikuwa na joto, Bibi alimlaza juu ya zulia, karibu na dirisha, na mimi nilimpepea. Alikata roho mvua ikinyesha, ameshika ncha ya uzi mkononi. Ilibidi nikate uzi ule kwa kisu.

Alizikwa pahali pa juu, maji yasimfikie. Wanawake wa Kikisi, wafinyanzi wenzake mama, na wa Kinyakyusa walikuja wakalia kwa sauti kama tunavyolia, na Bibi alisimama kati yao mdomo umefungwa. Hakujua kulia hivyo. Aliporudi nyumbani alinikuta nimekwisha shika ufagio.

"Usiliguse," alisema.

"Bibi, nataka kufagia tu..."

"Usiliguse. Asiliguse mtu."

Akafunga madirisha ya chumba cha mbele, akafunga na mlango. Kuanzia siku hiyo tulikula barazani, na mchungaji akaandika mahubiri yake jikoni.

Mvua za kwetu hazina mchezo. Nguo hazikauki, chumvi inakuwa maji, viatu vinaota ukungu. Mimi nilipita nje ya mlango ule kila siku nikinusa. Kwanza harufu ilikuwa ya sufu, kisha ya maziwa yaliyochacha, kisha ya udongo. Nililala nikiliwazia zulia kama mtu anavyomwazia mgonjwa aliyefungiwa. Nyumbani mama aliniuliza, "Bado hajafungua?" Nikasema bado. Mama akaendelea kukanda udongo wake. Yeye mwenyewe alishazika watoto. Mimi ndimi niliyebaki.

Alasiri moja nilisikia mlango ukilia. Nilingoja, kisha nikachungulia. Bibi alikuwa amelala kifudifudi juu ya zulia, shavu limegusa pale mtoto alipokuwa akipenda kukaa. Viatu alikuwa amevivua akaviweka sawasawa nje ya utepe wa buluu, kama mtu anayeingia nyumba ya wakwe.

"Ingia," alisema bila kugeuka. "Lala hapa. Niambie kama unasikia."

Nililala kando yake. Lilikuwa na unyevu, na lilikuwa na baridi ambayo sikuijua. Niliweka pua.

"Unasikia?"

"Nasikia ukungu, Bibi."

"Chini ya ukungu."

Nilivuta pumzi tena, nikafumba macho. Sijui kama ni pua yangu au ni huruma yangu, lakini chini kabisa kulikuwa na kitu kitamu kama jasho la kichwa cha mtoto aliyeamka. "Ndiyo," nikasema. "Yupo."

Tulilala hivyo tukisikiliza mvua mpaka chumba kikawa giza. Tangu siku hiyo aliniita kila alasiri. Nadhani wakati mwingine tulisinzia, maana nakumbuka ndoto za chumba kile: sakafu inayopumua, na sauti ya magoti madogo yakitambaa kuzunguka vichwa vyetu.

Halafu siku moja nondo akatoka. Aliruka kutoka kwenye kona, mdogo, rangi ya majivu ya jikoni, akaenda kugonga kioo. Mwingine akamfuata. Bibi aliketi. Akashika kona ya zulia, akaikunja, na sote tuliona: kwa chini funza weupe walikuwa wamejaa, na pale kona penyewe sufu imeliwa, tundu kubwa kama kiganja, nyuzi za msingi zimebaki wazi kama mifupa ya samaki.

"Wanamla," alisema. Akasema tena, kwa sauti kubwa, "Wanamla!" Na ile sauti iliyokuwa imekataa kutoka siku ya mazishi ikatoka sasa. Mchungaji alikuja mbio kutoka jikoni na kalamu mkononi. Alipiga magoti akamshika mabega, naye akalia huku anawaponda wale funza kwa vidole, mmoja mmoja. Alipochoka alinitazama.

"Tulitoe nje," alisema. "Nisaidie. Mwite mama yako."

Mvua ilikuwa imeanza kulegea, na asubuhi iliyofuata kulikuwa na jua. Mama alikuja na wanawake wenzake wa vyungu. Walitazama lile zulia lilivyo, mmoja akashika pua. Tulilipiga kwanza, likiwa limening'inia kwenye kamba, mpaka funza wakaanguka na kuku wakafanya sherehe. Kisha tukalibeba hadi ziwani, mahali pa maji mafupi yenye mchanga safi chini. Mama alitaka kutumia majivu ya maganda ya ndizi, yanayotoa uchafu wa kila namna, lakini Bibi alikataa. Alisema majivu yanaichoma sufu. Alikata vipande vyembamba vya sabuni, akaviyeyusha katika chungu, akamwaga.

"Sasa tufanyeje?" mama aliuliza.

"Tulikanyage. Taratibu. Tusilisugue, tusilikamue."

Basi tukapandisha nguo tukalikanyaga, wanawake wa Lyulilo na mke wa mchungaji, tumeshikana mabega ili tusiteleze. Wanawake wale walizoea kukanyaga udongo, wakaingia katika mwendo wao bila kufikiri, na Bibi akaufuata. Wekundu ulitoka kidogo, ukatuzunguka miguuni, ukaenda na mawimbi kama moshi. Maji yalikuwa baridi kutoka milimani. Nilimtazama Bibi usoni: alikuwa anaangalia zile rangi zikiondoka, midomo inatembea, kama mtu anayemsindikiza mgeni mpaka njia panda.

Mama naye alimwona. "Wangu niliwaogesha hapa hapa," akamwambia, pasipo kuacha kukanyaga. "Wote. Kila nikichota maji nawakumbuka. Siwezi kuacha kuchota."

Bibi alimshika mama bega kwa nguvu zaidi.

Zulia lililolowa lina uzito wa ng'ombe. Tulishindwa kulitoa mpaka wavuvi wakaja kusaidia, wakaliburuta wakicheka, wakauliza tumemvua samaki gani. Hatukuwa na mahali pa kulikausha isipokuwa uchanja wao wa samaki. Lililala pale likidondosha maji, tukiligeuza asubuhi na jioni, tukilifunika kila wingu lilipotisha. Lilipokauka lilikuwa safi, laini, na linanuka dagaa. Bibi aliweka uso wake juu yake, akavuta pumzi, asiuinue. Nilishikwa na hofu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikaona anacheka.

"Mama yangu angezimia," alisema.

Tulitandika majani ya tumbaku na mvumbasi chini yake, dhidi ya nondo, na tukafungua madirisha yote. Lilibaki lile tundu. Sufu ya kuziba hatukuwa nayo, na sufu ya kondoo wetu haifai. Bibi alitoka, akarudi na ile kofia nyeupe. Aliishika magotini muda mrefu. Kisha akatafuta ncha ya uzi, akavuta, na kofia ikaanza kufumuka, mzunguko baada ya mzunguko, huku mimi nikiuzungusha uzi kwenye vidole vyangu. Haikuchukua muda. Kitu kilichosukwa jioni nyingi kilikwisha kabla chai haijapoa.

"Nifundishe," nilisema.

Akanifundisha kutandaza nyuzi za kusimama, halafu kupitisha za kulala, juu na chini, juu na chini, bila kuvuta sana. Yeye alifanya upande wake, mimi wangu, tukakutana katikati. Mchungaji alisimama mlangoni akaona kazi yenyewe ilivyo, ule uzi mweupe alioutambua. Alikwenda nje akakaa barazani peke yake, na baada ya kitambo Bibi alimfuata. Niliwasikia wakizungumza kwa lugha yao, kwa sauti ya chini, kwa mara ya kwanza tangu masika.

Niliendelea kulitunza zulia lile mpaka nikawa mwanamke wa kuolewa, na hata baada ya posa yangu kutoka Bujonde kukubaliwa nilibaki kidogo, kwa sababu vita vilianza na njia zilijaa askari. Wajerumani waliondoka kwenye maboma yao, Waingereza wakaingia Mwaya kwa meli, na ikaja amri kwamba watu wote wa misheni, Wajerumani nao, wachukuliwe. Waliruhusiwa kubeba vitu vichache. Bibi alikuwa anafunga kisanduku aliponiita.

"Lichukue," alisema.

"Bibi, hili ni la mama yako."

"Mama yangu alilifuma ili likae ndani ya nyumba yenye watu. Hapa hatabaki mtu." Akashika mikono yangu, akaigeuza akaitazama kama alivyoitazama siku ile ya soko. "Usilikunje. Liviringishe. Na ukiona nondo, usingoje."

"Sitangoja."

"Ugonile," alisema, ile salamu yetu ya asubuhi, ingawa tulikuwa tunaagana na jua lilikuwa kichwani. Alikuwa amekosea au alikuwa amekusudia, mpaka leo sijui. Nikamjibu kama inavyojibiwa. Mtumbwi uliwachukua kuelekea Mwaya, na sikupata habari zake tena. Nimeuliza wengi.

Mume wangu alilibeba zulia begani hadi Bujonde, likiwa limeviringishwa na kufungwa kamba za mgomba, na kila tulipopita watu walisimama kuuliza. Nyumba yetu ilikuwa karibu na majaruba ya mpunga, sakafu yake ikitoa unyevu hata kiangazi. Nilimwomba mume wangu atengeneze kitanda cha mianzi, chini chini, cha kulitandika juu yake ili hewa ipite. Alitengeneza, akiguna, kwamba ameoa mwanamke na kondoo wake.

Mama mkwe alikuja kutuona baada ya siku chache. Alikuwa mwanamke mkali, na alikuwa amesikia kwamba mkamwana ameleta kitu cha Wazungu. Alisimama juu yake na fimbo yake akilichungulia.

"Linaliwa?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Linavaliwa?"

"Hapana. Linakaliwa. Karibu ukae, mama."

Alikaa kwenye ukingo kabisa, kama mtu anayekaa kwenye mtumbwi wa watu. Nje mvua nyepesi ilianza juu ya migomba. Alinyoosha mguu mmoja, akaurudisha, akaunyoosha tena. Vidole vyake, vilivyopasuka kwa matope ya mpunga, vikaanza kutembea ndani ya sufu, kwa siri, akidhani sioni. Alinieleza habari za shamba, akaanza kuniuliza kuhusu kuni, na swali halikumalizika. Kichwa kilimwelemea. Alijilaza upande, mkono chini ya shavu, na yule mwanamke mkali akalala mchana kweupe mbele ya mkamwana wake, akikoroma kidogo.

Nilichukua ungo wa maharage nikasogea karibu na mlango penye mwanga. Nikayachambua polepole, ili asishtuke.